Kebo za SAS za nje: 8088, 8644, QSFP au ile pana ya skrubu, uchukue ipi kuunganisha shelfu ya diski na seva

Wakuu, saivi wengi wananunua seva za mtumba, PowerEdge na ProLiant, mashine bado ina nguvu na bei inavumilika, afu baada ya muda diski za ndani zinajaa na mtu anaona shelfu ya diski inauzwa, nafasi 12 au 24, anaichukua, anaigeuza nyuma anakuta matundu hayafanani na kitu chochote alichonacho. Hapo ndo hela zinapopotea, kwa sababu kebo zenyewe madukani kwetu ni za kutafuta kwa tochi, mara nyingi unaagiza nje, unasubiri, na ikija siyo yenyewe unaagiza tena unasubiri tena, huku shelfu imekaa pembeni inakula vumbi na bosi anauliza.

Msimamo wangu ni mmoja: usianze na spidi wala jina la kampuni iliyotengeneza seva. Angalia tundu lililoko kwenye kadi ya seva, angalia tundu lililoko kwenye shelfu, andika namba za yote mawili, kebo yako ni ile yenye namba ya kadi upande mmoja na namba ya shelfu upande wa pili. Spidi itajipanga yenyewe, kadi na shelfu zikikutana zinaelewana kwenye spidi ya yule wa chini. Tundu ndo halina maelewano.

Kwanza hakikisha kabisa hiyo shelfu ni ya SAS, yaani aina ya muunganisho wa diski za seva tunayoongelea hapa, maana sura za mbele zinadanganya sana. Dell MD1200 na MD3200 na MD3200i ukiziangalia kwa mbele ni kama pacha, ila MD1200 ni boksi la diski tu, inategemea kadi ya seva yako. MD3200 ina kontrola zake za RAID (za kuunganisha diski nyingi kuwa kundi moja) ndani, na MD3200i inaongea iSCSI kwa waya wa mtandao wa kawaida, hiyo haihitaji kebo ya SAS kabisa kwenda kwenye seva. EMC nao hivyo hivyo, KTN-STL3 ni SAS, KTN-STL4 inafanana nayo lakini ni Fibre Channel, muunganisho mwingine kabisa usioongea na SAS, na kwa mtu wa kawaida aliyekuwa na kadi ya SAS hiyo ya pili ni chuma tu. NetApp DS14 pia ni Fibre Channel. Kwa hiyo usinunue kwa picha ya mbele, omba picha ya nyuma, tena ya karibu, muuzaji akikataa kugeuza boksi achana naye.

Sasa matundu yenyewe. Kwa SAS ya nje utakutana na manne na yote yana njia nne ndani, yaani kebo moja inabeba mikondo minne kwa pamoja.

SFF-8470 ndo ya zamani, kichwa kipana, kingine kinashikwa na skrubu mbili za kukaza kwa vidole, kingine kina klipu. Ni ya enzi za gigabiti 3 kwa sekunde kwa kila njia. Utaikuta kwenye Dell MD1000 na kwenye kadi ya PERC 5/E. Ina tatizo moja la ziada, kichwa hichohicho kilitumika kwenye InfiniBand (mtandao wa kasi wa seva) na kwenye mtandao wa CX4 wa gigabiti 10, kwa hiyo ukitafuta mtandaoni zinakuja kebo za kila aina, na upande wa kushikia lazima ulingane, ya skrubu kwenye tundu la klipu haikai vizuri. Kama hujanunua bado MD1000, mi nasema usinunue, hata ukipewa bei ya kutupa, maana imefungwa kwenye gigabiti 3 na kebo zake zinazidi kuadimika. Kama unayo tayari, kebo ya 8470 kwenda 8088 ipo, itumie na kadi yenye 8088, mengine yote kwenye boksi hilo ni kazi kubwa kwa faida ndogo.

SFF-8088 ndo mfalme wa mtumba. Kichwa cha chuma, kidogo kuliko 8470, pini 26, kina kitanzi cha kuvuta ukitaka kuchomoa. Ni ya gigabiti 6. Kadi zake ni kama LSI 9200-8e na 9207-8e, Dell PERC H800 na H810, HP H221. Shelfu zake ni Dell MD1200 na MD1220, HP D2600 na D2700, na hiyo EMC KTN-STL3 niliyoitaja. Kama kadi yako na shelfu yako vyote viko kwenye kundi hili, chukua 8088 kwa 8088, maliza, hakuna cha kufikiria.

SFF-8644, ambayo wauzaji wanaiita mini SAS HD ya nje, ni ya kizazi cha gigabiti 12. Tundu ni jembamba, ndo maana kadi moja inaweza kubeba manne kwa mstari. Kadi zake ni LSI 9300-8e, Dell H830, HP H241. Shelfu ni Dell MD1400 na MD1420, HP D3600 na D3700, na NetApp mpya kidogo kama DS212C na DS224C. Ila angalia mtego, kuwa na tundu la 8644 hakumaanishi kadi ni ya gigabiti 12. LSI 9206-16e ina matundu manne ya 8644 na bado ni gigabiti 6. Ndo maana nasema tundu ni jambo moja na spidi ni jambo lingine, soma modeli.

Na ya nne ni QSFP, namba yake SFF-8436, hii kwenye SAS ni mambo ya NetApp, shelfu za DS4243, DS4246 na DS2246. Majina yao yanasomeka vizuri ukijua: namba ya kwanza ni urefu wa boksi kwenye raki, mbili za kati ni idadi ya diski, ya mwisho ni gigabiti. DS4246 ni nafasi 4 za raki, diski 24, gigabiti 6. DS4243 ni hiyohiyo kwa gigabiti 3, na tofauti iko kwenye moduli za nyuma, IOM3 dhidi ya IOM6, moduli unazichomoa na kubadilisha, kwa hiyo usiamini stika ya mbele, soma kilichoandikwa kwenye moduli.

Hapa kwenye NetApp nataka nikae kidogo kwa sababu ndo watu wanaumia zaidi. Shelfu hizi ni nzuri kweli, diski 24 kwenye boksi moja, na mtumba wake unapatikana kwa bei ya kueleweka. Muuzaji anakuambia inakuja na kebo zake. Kweli inakuja nazo, ila ni QSFP pande zote mbili, zilitengenezwa kwa ajili ya kontrola za NetApp zenyewe na kuunganisha shelfu kwa shelfu. Kwenye kadi yako ya LSI haziingii. Unachohitaji ni 8088 kwenda 8436 kama kadi ni ya 9200 au 9207, au 8644 kwenda 8436 kama kadi ni ya 9300. Zile za QSFP pande zote usizitupe, siku ukiongeza shelfu ya pili ndo utaziunganishia. Na usije ukadanganyika kununua kebo ya QSFP ya mtandao wa gigabiti 40 ukidhani ni ileile kwa kuwa kichwa kinafanana, nyingi zina QSFP pande zote kwa hiyo upande wa kadi bado unabaki hewani. Vile vitundu vya waya wa mtandao vilivyopo kwenye moduli za IOM, ukiwa na seva ya kawaida viache vilivyo, havibebi data ya diski.

Afu kuna jambo ambalo siyo la kebo lakini watu wanailaumu kebo: diski nyingi zilizotoka NetApp zimefomatiwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512. Unaunganisha vizuri, seva inaziona kwa majina, lakini huwezi kuzitumia, ukubwa unasoma sifuri au inakataa kabisa. Hapo kebo haina kosa, unazifomati upya kwa sg_format, programu ya Linux, kwenda 512, inachukua masaa kwa diski kubwa, na inafuta kila kitu.

Turudi kwenye kulinganisha, swali linaloulizwa sana: 8088 au 8644? Yaani nitafute kadi na shelfu za gigabiti 6 au niende 12? Piga hesabu. Njia nne za gigabiti 6 ni gigabiti 24, ukitoa gharama ya usimbaji unabaki na karibu gigabaiti 2.4 kwa sekunde kwa kebo moja. Diski ya kawaida ya inchi 3.5 ya mizunguko 7200 inasoma kwenye megabaiti 200 kwa sekunde ikiwa kwenye sehemu yake nzuri. Diski 12 zote zikikimbia pamoja unapata gigabaiti 2.4, yaani MD1200 nzima inaijaza kebo moja ya 8088 ikiwa tu kila diski inasoma mfululizo kwa wakati mmoja, kitu ambacho kwenye kazi za kawaida ni nadra. Na huko nje mtandao wako ukiwa wa gigabiti 10, unapitisha gigabaiti 1.25 tu kwa sekunde. Kwa bekapu, kwa kamera za usalama, kwa mafaili ya ofisi, kwa studio inayotunza video, gigabiti 6 inatosha na inabaki. Usimruhusu mtu akuuzie 12 kwa ajili ya diski za kuzunguka.

Hesabu inageuka ukiweka SSD. SSD moja ya SATA inatoa megabaiti 500 hivi, tano tu zimeshaijaza kebo ya gigabiti 6, ishirini na nne ndo usiseme. Hapo 8644 na kadi ya gigabiti 12 ina maana, njia nne zinakupa karibu gigabaiti 4.8, na unaweza kuvuta kebo mbili.

Kuchanganya vizazi kunawezekana na hakuna ubaya. Kadi ya 9300-8e na shelfu ya MD1200: kebo ya 8644 kwenda 8088, itakimbia gigabiti 6. Kadi ya 9207-8e na MD1400: kebo hiyohiyo imegeuzwa tu, na bado ni gigabiti 6. Kama unaanza upya na unajua mwakani utaongeza shelfu mpya, mi ningechukua kadi ya 8644 sasa na kebo ya kuchanganya, kwa sababu kebo ni rahisi kubadilisha kuliko kufungua seva inayofanya kazi na kubadilisha kadi. Kama shelfu ni hiyo moja na hela ni ya kubana, kadi ya 8088 ni bei nafuu zaidi na inafanya kazi ileile.

Ila jamani, kebo yenye vichwa viwili tofauti na adapta ni vitu viwili tofauti. Kuna watu wanachukua kebo ya 8088, wanaongeza adapta ya kugeuza, afu kingine tena. Kila kiungo unachoongeza ni mahali pa ishara kudhoofika na mahali pa kulegea. Kebo moja, vichwa viwili, basi.

Hapohapo kuna mkanganyiko wa namba unaofanana: 8087 na 8643 ni za ndani ya seva, 8088 na 8644 ni za nje. Namba moja tu inakutenga na kebo usiyoihitaji. Wauzaji wanaandika mini SAS kwa zote, kwa hiyo maneno hayo usiyategemee, tegemea namba nne za mwisho. Kwenye kadi za LSI angalia herufi ya mwisho, 9211-8i ni ya ndani, 9200-8e ni ya nje, na hiyo 8 ni idadi ya njia, kwa hiyo ni matundu mawili ya njia nne nne. Ukiwa na kadi ya ndani kuna kibati cha kuweka nyuma ya seva kinachotoa 8087 kuwa 8088, kinafanya kazi, lakini mi ningeuza hiyo kadi nichukue ya nje, unapunguza viungo viwili kwa mara moja.

Kuhusu 8088 kuna kitu kidogo: kebo za mwanzo zilikuwa na vijino vya kutofautisha poti ya kuingia na ya kutoka, kwa hiyo kebo inaweza kugoma kuingia japo namba ni sahihi. Usilazimishe, utakunja pini za kadi. Ukinunua tafuta iliyoandikwa universal kwenye maelezo, inaingia kote.

Urefu. Kama seva na shelfu ziko raki moja, mita 1 inatosha kwa kubana na mita 2 inakupa uhuru. Seva ikiwa kwenye reli za kuvutwa mbele chukua mita 2, la sivyo siku mtu akiivuta kubadilisha RAM anaivuta na shelfu, au mbaya zaidi kebo inachomoka diski zikiwa zinaandika. Usichukue ndefu eti itafaa baadaye, hizi kebo ni nene, hazipendi kukunjwa kona kali, na mita 5 za ziada zilizojikunja nyuma ya raki zinaziba hewa. Kwa gigabiti 12 kebo za shaba za kawaida huishia mita chache, ukitaka kwenda mbali zaidi zipo zenye chipu ndani na zipo za nyuzi za mwanga zinazofika mita 100, ila bei yake ni nyingine kabisa, afadhali usogeze shelfu.

Kuna hali moja ambayo urefu ni lazima uuheshimu. Shelfu kubwa zote za SAS nilizotaja zina ekspanda ndani, yaani chipu inayogawa njia chache za kebo kwa diski nyingi, kwa hiyo kati ya kadi na shelfu ishara ni ya SAS hata kama diski zenyewe ni SATA. Lakini vile viboksi vidogo vya diski 4 visivyo na ekspanda, ambapo kila njia ya kebo inaenda moja kwa moja kwenye diski moja, ukiweka diski za SATA ishara inakuwa ya SATA, nayo ni dhaifu, usizidi mita 1. Diski zinazopotea na kurudi zenyewe kwenye viboksi vya namna hii, mara nyingi chanzo ni urefu.

Kuchomeka sasa. Dell MD1200 ina poti ya IN na ya OUT kwenye kila moduli, kadi inaingia IN, OUT ni ya kwenda IN ya shelfu inayofuata. NetApp wametumia alama, mraba na duara, kadi ingiza kwenye mraba, afu duara ya shelfu ya kwanza iende mraba wa shelfu ya pili. Ukifanya mnyororo kumbuka shelfu zote zinagawana ile kebo ya kwanza, zile gigabaiti 2.4 ni za wote, na kebo ya kwanza ikichomoka zote zinaanguka. Kadi ikiwa na matundu mawili na shelfu ziko mbili, mpe kila moja kebo yake, usifanye mnyororo kwa sababu tu unapendeza.

Kebo mbili kwa shelfu moja, moja kila moduli, ni kwa ajili ya moja ikifa nyingine ibebe. Hii inafaa kama diski ni za SAS zenye poti mbili. Diski za SATA zina poti moja, haziwezi kuonekana kupitia moduli zote mbili mpaka kila trei iwe na kale kabodi kadogo ka katikati. Na ukishaunganisha mbili usishtuke Linux ikikuonyesha diski 24 badala ya 12, ni zilezile zimeonekana kwa njia mbili, washa multipath (inayozihesabu njia mbili kuwa diski moja) kwanza kabla hujatengeneza chochote juu yake. Ukisahau hilo ukaandika kwenye diski moja kwa majina mawili unaharibu data, hapo siyo suala la kebo tena.

Ukiwasha, anza na shelfu, subiri diski zizunguke zote, afu ndo seva. Kisha usiridhike kwa kuona taa za kijani. Kwenye Linux soma /sys/class/sas_phy, kila njia ina faili linaitwa negotiated_linkrate, kwenye kebo moja unatakiwa uone njia nne zote zina 6.0 Gbit au 12.0 Gbit. Ukiona tatu zina 6.0 na moja iko 3.0 au haijulikani, kila kitu kitaonekana kinafanya kazi ila kebo ina njia mbovu au haijaingia mpaka mwisho. Palepale kuna invalid_dword_count na loss_of_dword_sync_count, hizi zinahesabu makosa ya ishara. Namba ndogo iliyotokea wakati wa kuwasha haina shida, sukuma data nyingi kwa saa moja usome tena, kama zinapanda badilisha kebo. Usisubiri, kwa sababu makosa haya yanakuja kuonekana kama diski inakufa, mtu anabadilisha diski nzima mara ya kwanza, mara ya pili, shida ipo palepale.

Ukimwandikia muuzaji usimwambie nataka kebo ya MD1200 au kebo ya NetApp. Mwandikie SFF-8644 kwenda SFF-8088, ya nje, mita 2, ukiongeza picha ya tundu la kadi na picha ya tundu la shelfu, na umuombe akutumie picha ya vichwa vyote viwili vya kebo yenyewe kabla hujalipa. Ikifika, bandika lebo kwenye kila mwisho, kadi gani poti gani, shelfu gani moduli gani.